Mnyororo wa Jumamosi

Jumamosi hiyo fundi makochi alinyoa ndevu mara mbili, alfajiri mara moja na saa nne tena. Hata hivyo, alipojitazama kwenye kioo cha kabati la mteja aliona sura ya mtu anayejiandaa kwenda kuiba.

Nesi wa wanyama angefika saa tano. Ndiyo ilikuwa saa yake. Kwa majuma kumi na mawili alikuwa akija kila Jumamosi na mkoba wa dawa, mizani na kadi ya manjano, kumpima Mgeni uzito, kumwangalia masikio na kuandika. Kazi ya robo saa. Lakini tangu juma la tatu alikuwa haondoki kabla ya saa saba. Na fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuchelewesha kazi za watu, alijikuta kila juma ana kochi moja zuri ambalo mteja ameambiwa alifuate Jumamosi mchana, si kabla. Alitaka nesi alikalie kwanza. Hakuna mteja hata mmoja mtaa ule aliyejua kwamba kochi lake jipya lilizinduliwa na nesi wa mbwa, kavua viatu, kikombe cha chai mkononi.

Mgeni ndiye mbwa mwenyewe. Wa kahawia, wa kimo cha kati, sikio moja limechanika, na shingoni ana duara la ngozi tupu pasipoota manyoya. Waliokuwa wakimfuga walihama nyumba wakamwacha uani kwenye mnyororo. Nesi ndiye aliyeukata ule mnyororo kwa koleo, mbwa akiwa mifupa na macho tu. Kituo chao cha kuokoa wanyama kilikuwa kimejaa, na kikijaa huwapa watu mbwa wawalee kwa muda mpaka apatikane mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Siku hiyo fundi alikuwa pale kituoni akibadilisha sponji ya benchi la kusubiria. Nesi alimgeukia tu, kama mtu anayeomba kiberiti.

"Fundi, una nafasi kwako?"

Fundi, ambaye maisha yake yote hajafuga hata kuku, alijibu, "Ninayo."

Hakuwa nayo. Alikuwa na karakana na vyumba viwili nyuma yake, na katika kimoja alikaa mama yake mwenye pumu, ambaye manyoya kidogo tu yalimfanya akeshe akitafuta pumzi. Kwa hiyo mbwa aliishi karakanani, mlango wa ndani umezibwa kwa pazia zito, na ilijulikana tangu siku ya kwanza kwamba hawezi kubaki. Ndiyo maana mama akampa jina hilo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama alikuwa akisema kutoka nyuma ya pazia. "Huyu ana miezi mitatu. Mbona hata nyundo hajashika?"

Jioni ya kwanza kabisa fundi alifunga mlango wa karakana kama alivyozoea, kwa mnyororo na kufuli. Aliposikia mnyororo ule ukipita kwenye kitasa, mbwa alijilaza sakafuni, akajikojolea, kisha akatambaa kwa tumbo mpaka chini ya fremu ya kochi. Alitetemeka hata misumari iliyokuwa kwenye kopo juu ya fremu ikawa inalia. Kesho yake fundi aliutupa mnyororo kwenye sanduku la vyuma chakavu, akaenda kununua komeo.

Nesi alipokuja aliliona.

"Umenunua komeo kwa ajili ya mbwa?"

"Mlango wenyewe ulikuwa unalihitaji," fundi alisema, akiangalia vidole vyake.

Nesi aliishusha kadi yake. Alimtazama tu, tena kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ambayo hakutegemea kuipata. Fundi alikuwa na miaka thelathini na minane na hakukumbuka kutazamwa hivyo. Matatizo yake yote yalianzia kwenye jicho lile.

Maana baadaye walianza kuja watu kumwangalia mbwa, ili wamchukue.

Wa kwanza walikuwa mume na mke. Walimpenda. Fundi alikuwa akipekua sanduku la vyuma akitafuta bawaba, na haki ya Mungu alikuwa akitafuta bawaba, mnyororo ukateleza ukaanguka kwenye saruji. Mgeni akawa yule wa jioni ya kwanza. "Huyu ana wazimu," mume akasema, wakaondoka. Nesi alibaki mpaka saa nane akimbembeleza mbwa. Fundi akakaa kando yake sakafuni, na kwa uchovu kichwa cha nesi kikagusa bega lake, kikakaa hapo kitambo kidogo. Kilinukia sabuni ya hospitali. Fundi alilibeba bega lile juma zima kama lina yai juu yake.

Mara ya pili alikuja mama mwenye duka na wanawe, na mkono wa fundi ulikwenda sandukuni wenyewe. Mara ya tatu, alipokuja mwalimu mmoja, hakuwa na wa kumsingizia. Alijua anachofanya. Alijua na akafanya.

"Leo tena utaangusha?" mama yake aliuliza asubuhi ile, akinywa uji kizingitini, leso mdomoni.

"Niangushe nini, Mama?"

"Mwanangu, kibovu ni kifua. Masikio ni mazima."

Fundi akainamia kazi, akapiga msumari ambao haukuhitaji kupigwa.

"Na yote haya ni kwa ajili ya nani?" mama aliendelea. "Mwanamke kaachika, kasoma, ananuka dawa ya viroboto. Atakutakia nini wewe uliyeacha shule darasa la sita? Kochi?"

"Mama, kunywa uji."

"Nakunywa. Mdomo hauna kufuli."

Saa tano kasoro dakika chache nesi aliingia, na nyuma yake mzee mmoja mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, kofia mkononi. Alikuwa dereva mstaafu wa mabasi.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba, fundi. Habari ya kazi?"

"Namshukuru Mungu. Karibu ukae."

"Nimekaa miaka thelathini na moja nyuma ya usukani. Nitasimama."

Nesi alicheka. Alikuwa amefurahi siku hiyo; fundi aliona alivyobana midomo ili furaha isimwagike kabla ya wakati. Mzee alieleza mambo yake bila kuulizwa. Mkewe alifariki mwaka jana. Ana nyumba na ua wenye ukuta, na kivuli cha kutosha. Wanawe wako mbali, wanapiga simu, wana haraka.

"Zamani nilikuwa na watu sitini mgongoni," alisema, "wanapiga kelele, nawaombea washuke. Sasa nikigeuka nyuma hakuna hata mmoja."

Mgeni alikuwa amelala kwenye kipande chake cha sponji. Akanyanyuka. Akamzunguka mzee mara moja, akanusa kiatu cha kushoto, akafikiri, akanusa cha kulia. Kisha akaketi, akalaza kidevu juu ya kiatu na kushusha pumzi ndefu.

Mzee hakusogeza mguu. Hata mkono hakuunyoosha. Alisimama tu kama mtu aliyewekewa mtoto mchanga mikononi.

"Unaona?" nesi alimnong'oneza fundi, na macho yake yalikuwa na maji. "Fundi, unaona?"

Fundi aliona. Aliona vizuri sana. Huyu alikuwa mtu mwema, na ua wake una kivuli, na hakuna mwenye pumu. Leo hii mbwa angeondoka. Na Jumamosi ijayo saa tano ingefika hapa karakanani, ipite, iwe saa sita, na kochi lingekaa na nailoni yake mpaka mwenyewe alifuate. Alimtazama nesi, alama ya kamba ya mkoba begani mwake, kucha zake fupi, macho yale yenye maji ambayo hayakuwa kwa ajili yake. Mkono wake ukaingia sandukuni.

Mnyororo ulianguka kwenye saruji.

Mgeni alianguka nao. Mkojo ulimtoka hapo hapo kwenye kiatu cha mzee, akatambaa, akaingia chini ya fremu kubwa ya kochi la watu watatu, na kopo la misumari juu yake likaanza kulia.

"Jamani!" nesi alisema. "Jamani, si leo!"

"Samahani," fundi alisema. "Umeniponyoka."

Akangoja mzee aseme walichosema wengine. Mzee aliangalia kiatu chake. Akaweka kofia juu ya benchi, akavuta suruali yake yenye makali magotini, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi sakafuni, kwenye vumbi na nyuzi na vipande vya sponji, uso wake ukielekea gizani chini ya kochi.

"Mzee, utachafuka," nesi alisema.

"Nitafua. Nina muda. Sina wa kuniuliza nimechelewa wapi." Kisha sauti yake ikatoka kule chini, bila ukali wowote. "Fundi. Mlango wako una komeo. Huo mnyororo unafungia nini?"

Nyuma ya pazia mama alikohoa mara moja, kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

Nesi aliangalia mlango. Akaangalia sanduku la vyuma, lilivyo kubwa, na mnyororo ulivyowekwa juu ya vitu vyote, karibu na mkono. Fundi alimwona akirudi nyuma kwa mawazo, Jumamosi moja baada ya nyingine, akizihesabu.

"Mara ya ngapi?" aliuliza.

Angeweza kusema ya kwanza. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ya nne," alisema. "Lakini ile ya kwanza ulianguka wenyewe. Naapa."

"Sikuulizi ya kwanza."

"Najua."

"Mzee, tusamehe," nesi alisema.

"Mimi sipo," mzee alijibu. "Mimi niko chini ya kochi."

Nesi alisogea mpaka akawa karibu na fundi kuliko alivyowahi kuwa, isipokuwa siku ile ya bega. "Wale mume na mke. Yule mama wa duka, mpaka wanawe wakalia. Yule mwalimu. Nilikuwa narudi kituoni naandika kwenye kadi: bado ana hofu. Nikamwongezea vidonge vya kumtuliza, fundi. Nimemlisha mnyama mzima dawa kwa sababu ya mkono wako."

Hilo fundi hakulijua. Lilimwingia kama msumari unaopita ubao na kukutana na kiganja.

"Kwa nini? Unamchukia?"

"Nimchukie?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Akiondoka yeye, wewe utakuja hapa kufanya nini?"

"Kunywa chai!" nesi alisema. "Hukuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuja kunywa chai? Kumpima mbwa ni robo saa. Ile saa moja na zaidi iliyobaki ulidhani nangoja nini? Mvua ikatike?"

Fundi alifuta viganja kwenye aproni.

"Wewe umesoma," alisema mwisho. "Mimi niliishia la sita. Nilikuwa sijui pa kuanzia."

"Kwani kumwambia mwanamke unampenda kuna mtihani?"

Chini ya kochi kulisikika mkwaruzo. Mgeni alikuwa anatoka. Alitoka kwa tumbo, masikio yamelala. Mzee alikuwa pale pale mbele yake, lakini akampita. Nesi alikuwa amechuchumaa tayari, mikono wazi, naye akampita. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akajisukuma katikati ya miguu yake, akaficha uso kwenye aproni yenye gundi, akatetemeka humo, salama, kama mtu aliyefika kwao.

Fundi alishuka mpaka chini. Alimshika kichwa. Hakulia kwa sauti, lakini mabega yalimsaliti.

"Nisamehe," alimwambia mbwa. "Nisamehe, bwana."

Nesi aligeuza uso upande wa ukuta.

"Huo ndio ubaya wake," alisema taratibu. "Wanarudi kwenye mkono ule ule. Mimi nilirudi kwa mume wangu mara tano. Nilikuwa najua kwa mlio wa geti kama leo ni siku nzuri au mbaya. Miaka sita, fundi. Na mpaka leo nikisikia mtu anakimbia nyuma yangu barabarani, nashika ukuta." Akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama anayefuta vumbi. "Nilipoona lile komeo nilisema, huyu hapa. Huyu hawezi kumtisha kiumbe."

Mzee alikuwa ameinuka na kukaa chini, vumbi tupu kifuani. Alikuwa amezeeka vya kutosha kujua wakati wa kutosema kitu.

Mgeni hakukubali kwenda kwenye pikapu ya mzee kwa miguu yake. Mzee alijaribu, nesi akajaribu. Alirudi kila mara kwenye aproni. Ikabidi fundi ambebe mwenyewe, kilo kumi na tisa, miguu ya mbele na kichwa vikining'inia begani, kwenye lile bega. Alipomlaza kwenye kiti cha mbele mbwa alimlamba sikio. Fundi akaongea haraka, bila kumtazama mzee usoni, maana angenyamaza angeshindwa.

"Usimpe maji kwenye bakuli la chuma, likigongwa anaogopa. Mpe la plastiki. Hilo sikio bovu mkune chini yake, si juu. Uji anapenda ukiwa umepoa. Na mzee, ukimwita usipige makofi. Sema tu jina, sauti ya kawaida. Anakuja."

"Nimesikia." Mzee alivaa kofia. "Ukitaka kumwona, njoo. Ila si kesho. Nipe mwezi mmoja aniamini."

"Chukua hata miwili."

"Hapana. Mmoja unatosha." Akamshika fundi mkono, akaushika sawasawa. Halafu akaendesha kama alivyoendesha watu sitini, polepole, bila kuguna kwa gia, na kichwa cha kahawia kikaonekana dirishani mpaka pikapu ikaingia barabara kubwa.

Nesi alibaki kwa ajili ya kadi. Aliiandika akiwa amesimama mlangoni, ameiegemeza kwenye fremu ya mlango. Kochi la siku hiyo, la bluu, lilikuwa pale nyuma yake, hakuligeukia. Aliandika mstari mmoja tu. Fundi akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.

"Nakupenda," alisema, kalamu bado mkononi.

Nesi aliichukua kalamu, akaifunika kifuniko chake.

"Najua. Mpaka mama yako anajua, ndiyo maana anakohoa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mwezi uliopita ungesema, ningekucheka. Ningekucheka sana. Halafu ningekaa."

"Na sasa?"

"Sasa ukiweka tu kikombe mezani kwa nguvu, nitakuangalia mkono. Siwezi. Si kwamba sitaki, elewa hapo. Siwezi."

"Nitauacha huu mkono. Nitaukata."

"Usikate kitu. Una kazi za watu." Akapachika mkoba begani. Alimtazama mara moja zaidi, kwa jicho lile lile la barua, lakini safari hii kama mtu aliyefika mwisho wa ukurasa. "Kaa salama, fundi."

"Nenda salama."

Alishuka ngazi mbili za karakana, akashika njia.

Pazia lilifunguka kwa kishindo. Mama alitoka, leso mdomoni, akaingia karakanani ambamo hakukanyaga kwa miezi mitatu.

"Umesimama nini kama mwiko kwenye ugali? Mkimbilie!"

"Mama, si wewe uliyekuwa humtaki?"

"Nilisema simtaki. Sikusema umpoteze! Kimbia, mtoto wa kiume wewe, hajafika hata kwa kinyozi!"

Fundi aliruka ngazi zote mbili. Mguu wake wa kwanza uligonga lami, wa pili ukagonga. Mbele kule, hatua hamsini, bega la nesi lilipanda kidogo, na mkono wake wa kulia ukatoka kwenye kamba ya mkoba, ukaelekea ukutani.

Fundi akasimama.

"Nenda!" mama alisema nyuma yake. "Bado unamwahi!"

"Nikikimbia ataogopa, Mama."

Mama alitaka kusema neno, akatazama kule mwanawe alikotazama, akauona ule mkono. Alikuja polepole akasimama naye, pumzi yake ikipiga filimbi kifuani.

Fundi alirudi nyuma hatua mbili, mpaka akawa kwenye mwanga mlangoni pake, mikono ikining'inia ubavuni, mahali ambapo mtu akigeuka angemwona mzima kwa mara moja na kujua hakuna anayemfuata. Nesi hakugeuka. Mbele ya kinyozi alisimama kidogo, mkono ukiwa bado karibu na ukuta, akisikiliza. Kisha akaushusha. Akauhamisha mkoba wenye mizani bega la pili, akaendelea na njia kwa mwendo wake wa kawaida, wa mtu asiyefukuzwa, mpaka kona ikamchukua.